Barua ya wazi kwa wanaofadhili utafiti wa magonjwa: mkilipia upimaji, lipieni na uhakiki

Kwa: Wakuu wa mashirika yanayofadhili utafiti wa afya, wakurugenzi wa taasisi za utafiti wa magonjwa, na wahariri wa majarida ya kitabibu

YAH: FEDHA ZA VIPIMO VYA MKUPUO NA UHAKIKI WAKE

Waheshimiwa,

Nawaandikia nikiwa mchambuzi wa takwimu za utafiti wa magonjwa. Takwimu ninazozishughulikia hutoka kwenye vipimo vya mkupuo, yaani zile njia zinazochukua sampuli moja ya damu, au kipande kidogo cha uvimbe, na kusoma maelfu ya vitu kwa mara moja: jeni karibu 20,000 zinazobeba maelekezo ya protini, RNA inayoonyesha ni jeni zipi zinafanya kazi saa hiyo, protini zenyewe, na kemikali ndogondogo zinazoachwa na mwili unapotumia chakula na dawa. Ninyi ndio mnaoamua fedha ziende wapi, nani apandishwe cheo na makala ipi ichapishwe. Ombi langu kwenu ni hili: kila mnapolipia upimaji, lipieni na uhakiki, na msikubali matokeo ya vipimo hivi yaamue matibabu ya mtu yeyote kabla hayajahakikiwa na watu wasiohusika na ugunduzi wenyewe.

Naziamini njia hizi, na sababu ninazo. Kipimo cha jeni 21 cha saratani ya matiti kilijaribiwa katika utafiti wa TAILORx, ulioanza kuandikisha wanawake mwaka 2006 na kufikisha zaidi ya 10,000. Jibu lilitoka 2018: wengi wa wale ambao uvimbe wao ulipata alama za kati za hatari ya saratani kurudi hawakufaidika zaidi kwa kuongezewa kemotherapi juu ya dawa za kuzuia homoni. Maana yake ni kwamba leo daktari anaweza kumwambia mama, kwa ushahidi mkononi, kwamba hana haja ya kupitia miezi ya kutapika na kunyonyoka nywele kwa dawa isiyomwongezea kitu. (Kwa wenye miaka 50 na chini hesabu ilikuwa tofauti kidogo, na watafiti walilisema hilo waziwazi.) Lakini hebu tazameni hiyo miaka. Kuanzia mgonjwa wa kwanza hadi jibu ni miaka 12. Wafadhili, ikiwemo Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, walikubali kugharimia muda wote huo ili lijibiwe swali moja tu, kama kipimo kinamsaidia mgonjwa au hakimsaidii. Uvumilivu wa namna hiyo ndio ninaouomba.

Sasa naomba tushuke mpaka kwenye tyubu ya damu, maana matatizo mengi ninayokutana nayo huanzia hapo na hayamo kwenye ripoti mnazosomewa. Damu ikishatolewa, seli zilizomo ndani yake bado ziko hai. Zinaendelea kula sukari: tyubu ikikaa mezani katika joto la kawaida la chumba, glukosi hupungua kwa takriban asilimia 5 hadi 7 kila saa, na asidi ya laktiki hupanda. Seli nyeupe hazijui kwamba zimetoka mwilini. Ndani ya saa chache huwasha jeni nyingine na kuzima nyingine. Seli nyekundu zikipasuka, potasiamu iliyokuwa ndani yake humwagika kwenye plazima, yaani sehemu ya majimaji ya damu. Damu ikiachwa igande ili itoke seramu, yaani majimaji yanayobaki baada ya kuganda, chembe sahani zinazosaidia damu kuganda humwaga protini zao humo, kwa hiyo seramu na plazima ya mtu mmoja, zilizotolewa dakika moja, haziwezi kulinganishwa kana kwamba ni kitu kimoja.

Chukulieni basi kwamba damu za wagonjwa zinatolewa kwenye kliniki ya mbali na kusubiri gari la jioni, na damu za watu wasio wagonjwa, wa kulinganisha nao, zinatolewa kwa wafanyakazi wa jengo la maabara na kuzungushwa papo hapo kwenye sentrifuji, mashine inayotenganisha seli na plazima. Mashine itaona tofauti kubwa kati ya makundi haya mawili, tena mamia ya tofauti, zote zikiwa na namba za kutia moyo. Programu ya uchambuzi itazipanga vizuri na kuzichorea picha za rangi. Na zote zinaweza kuwa zinapima kitu kimoja, muda ambao tyubu ilisubiri. Mpango wa aina hii haupangwi na mtu mwovu. Hutokea wenyewe pale ambapo hakuna aliyelipwa kuuzuia, kwa sababu ndio mpango rahisi kuliko yote. Nimewahi kupokea faili za namna hii na kuulizwa kama kuna "hesabu" ya kurekebisha. Wagonjwa wote wakishapimwa juma hili na wazima wote juma lijalo, hakuna hesabu ya kuutenganisha ugonjwa na juma.

Wala si jambo la maabara changa pekee. Mwaka 2007 jarida la Nature Genetics lilichapisha utafiti uliosema kwamba karibu robo ya jeni zilizochunguzwa zinafanya kazi kwa viwango tofauti kati ya watu wenye asili ya Ulaya na wenye asili ya Asia. Mwaka huohuo wanatakwimu wengine walifungua data zilezile wakatazama tarehe. Nyingi za sampuli za kundi la kwanza zilikuwa zimepimwa 2003 na 2004. Za kundi la pili 2005 na 2006. Tofauti ya watu na tofauti ya mwaka zikawa zimeshikana karibu kabisa. Tiba yake ilikuwa kazi ndogo mno: kuchanganya sampuli za makundi yote kwa kura kabla ya kuzipeleka kwenye mashine.

Mfano wa saratani ya ovari unauma zaidi, kwa sababu pale palikuwa na wanawake waliokuwa wakisubiri kipimo kwa hamu. Februari 2002 jarida la Lancet lilitangaza kwamba mchoro wa protini za damu uliweza kuwatambua wagonjwa wote 50 waliojaribiwa, na kuwaachia huru 63 kati ya 66 wasio na saratani. Habari ilizunguka dunia nzima. Baadaye wachambuzi wa nje walipopitia data waliona kwamba makundi yalitengana hata kwenye sehemu ya mchoro ambayo ni kelele ya mashine tu, mahali pasipo na protini yoyote ya kuaminika. Kitu katika namna sampuli zilivyoshughulikiwa kilikuwa kimewatenga wagonjwa na wazima kabla saratani haijasema lolote. Kampuni ilikuwa tayari inajiandaa kuuza kipimo. Mwaka 2004 wadhibiti wa Marekani wakaingilia kati.

Na hata kama mchoro ule ungekuwa wa kweli, hesabu yake ilipaswa kumshtua kila aliyekaa mezani. Saratani ya ovari ni adimu: kati ya wanawake 2,500 waliokoma hedhi, takriban mmoja ndiye anayekuwa nayo kwa wakati fulani. Kipimo kinachokosea kwa asilimia 5 ya wazima kitawaambia wanawake wapatao 125 kwamba huenda wana saratani, ili kumpata huyo mmoja. Na njia ya kuthibitisha saratani ya ovari ni upasuaji. Asilimia 95 inasikika vizuri sana kwenye mkutano na waandishi wa habari. Mnapoiona kwenye ombi la fedha, ulizeni mara moja: ni watu wangapi wasio na ugonjwa watakaotishwa kwa kila mgonjwa atakayepatikana?

Kuhusu bahati nasibu ya namba nyingi nitasema kwa kifupi, kwa kuwa wengi wenu mnaijua. Ukijaribu jeni 20,000 kwa kipimo cha kawaida cha takwimu, kinachokubali kudanganywa na bahati mara 5 katika 100, utapata jeni zipatazo 1,000 "zinazohusika" hata kama hakuna hata moja inayohusika. Wataalamu wa jenetiki walijifunza hili kwa maumivu, baada ya miaka ya kutangaza jeni za magonjwa ambazo maabara ya pili haikuziona. Wakaweka kizingiti kikali, uwezekano wa kudanganywa na bahati usiozidi 5 katika milioni 100, na wakaanza kudai sampuli za kundi la pili ndani ya makala ileile. Utaratibu huo uliwezekana kwa sababu wahariri na wafadhili waliushikilia, hivyo msiniambie kwamba haiwezekani.

Kisa ambacho kila mjumbe wa kamati ya ruzuku anapaswa kukijua ni cha Chuo Kikuu cha Duke. Mwaka 2006 watafiti wa huko walichapisha katika Nature Medicine njia ya kutumia shughuli za jeni kubashiri ni dawa ipi ya saratani itamfaa mgonjwa yupi. Madaktari wa kituo cha saratani cha MD Anderson, Houston, wakatamani kuitumia, wakawaomba wanatakwimu wao wawili, Keith Baggerly na Kevin Coombes, wawasaidie kuielewa. Wawili hao wakachukua data zilizokuwa wazi na kujaribu kurudia hesabu. Hesabu hazikurudi. Walipofuatilia wakakuta orodha za jeni zimeteleza kwa mstari mmoja, jina la jeni hii likiwa limekaa kwenye namba za jeni jirani, hivyohivyo kutoka juu hadi chini. Kwa baadhi ya dawa, seli zilizoandikwa kwamba zinaisikia dawa ndizo zilizokuwa sugu, na zilizoandikwa sugu ndizo zilizoisikia. Yaani kanuni ile ingeweza kumchagulia mgonjwa dawa ileile isiyomfaa.

Walilieleza jambo hilo kwa barua iliyochapishwa 2007, kisha kwa makala kamili 2009. Wakati huohuo, tangu 2007, wagonjwa wa saratani walikuwa wakiandikishwa kwenye majaribio ambayo kanuni hiyo ndiyo iliyowapangia dawa. Walipita 100. Majaribio yalisimamishwa 2009, yakaruhusiwa tena mwanzoni mwa 2010, ndipo yakafungwa moja kwa moja baadaye mwaka huo. Makala ya 2006 ilifutwa mwaka 2011, na 2015 ofisi ya Marekani inayosimamia uadilifu wa utafiti ikatamka kwamba mtafiti mmojawapo alitumia data za uongo.

Mstari kuteleza kwenye lahajedwali ni kosa linaloweza kumpata yeyote, na mimi humtetea mtu aliyepatwa nalo. Ninachoshindwa kukikubali ni kwamba, kati ya makala na mshipa wa mgonjwa, kurudia hesabu hakukuwa kazi ya mtu yeyote. Kuliachiwa watu wawili wa mji mwingine waliokuwa na ukaidi wa kutosha. Wagonjwa wale walikuwa na saratani na hawakuwa na muda wa kupoteza. Waliamini kwamba chuo kikubwa, jarida kubwa na mfadhili mkubwa wamekwisha kukagua.

Baada ya hapo Taasisi ya Tiba ya Marekani iliunda kamati, na ripoti yake ya 2012 ilisema mambo ambayo hadi leo ni dira nzuri. Kanuni ya kipimo ifungwe kabla ya kujaribiwa: jeni zote, uzito wa kila moja na kizingiti cha uamuzi viandikwe, na asiwepo wa kuvigusa tena. Data na programu iliyotumika viwekwe wazi ili mtu mwingine aweze kurudia. Kisha kanuni hiyo iliyofungwa ijaribiwe kwenye sampuli mpya kabisa, ikiwezekana na watu wengine, kabla haijampangia mgonjwa dawa. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji mashine mpya.

Wapo watakaosema hayo ni ya zamani na sasa mambo yamenyooka. Mwaka 2020 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliosema kwamba kila aina ya saratani ina vijidudu vyake vinavyoweza kusomwa kwenye uvimbe na hata kwenye damu. Kampuni na miradi vilijengwa juu yake. Mwaka 2023 wachambuzi wengine walionyesha kwamba DNA ya binadamu ilikuwa imehesabiwa kama ya bakteria, na kwamba hatua ya kusawazisha data ilikuwa imeingiza alama ya aina ya saratani hata kwa vijidudu ambavyo hesabu yake ghafi ilikuwa sifuri. Makala ikafutwa 2024. Jambo moja hapo linanipa matumaini: kosa lilionekana kwa sababu data za msingi zilitoka kwenye mradi wa TCGA, mkusanyiko wa Marekani wa data za jeni za saratani, uliohifadhi taarifa za wagonjwa zaidi ya 11,000 na kuwafungulia watafiti wa nje wenye kibali. Kama zingekuwa kwenye kabati la maabara moja, bado tungekuwa tunazijengea vipimo.

Kwa hiyo, waheshimiwa wafadhili, najua kipya kinyemi na mashine mpya ndiyo inayopendeza kwenye ripoti ya mwaka. Lakini andikeni kwenye masharti ya ruzuku kwamba kila sampuli iwe na kumbukumbu ya safari yake: saa ilipotolewa, saa ilipozungushwa, friza iliyolala, mara ngapi imeyeyushwa. Daini mpango wa bechi, yaani sampuli zipi zitapimwa pamoja na lini, kabla ya kutoa fedha, na mwanatakwimu awe ameusaini kabla tone la kwanza halijatolewa, badala ya kuitwa wakati sampuli zimekwisha. Tengeni fungu la uhakiki ambalo kiongozi wa mradi hawezi kulihamishia kwenye vitendanishi, kemikali za kupimia, mambo yakibana. Mimi ningeanza na moja ya tano ya bajeti, na ningelikabidhi kwa kikundi kingine tangu siku ya kwanza.

Wakurugenzi, mtu aliyetumia mwaka mzima kuonyesha kwamba matokeo fulani hayarudiki amewaokolea wagonjwa madhara na amewaokolea ninyi fedha. Kwenye kikao cha kupandisha vyeo mpeni nafasi ileile mnayompa mgunduzi. Na wahariri, mkichapisha ugunduzi, chapisheni na uhakiki wake ulioshindwa, katika jarida lilelile, bila kuuzungusha miaka.

Kuna swali jingine la uhakiki ambalo ninyi pekee mnaweza kulijibu: sampuli za nani? Hesabu iliyochapishwa mwaka 2019 ilionyesha kwamba karibu asilimia 78 ya washiriki wa tafiti za jenomu nzima, zinazopekua DNA yote kutafuta jeni za magonjwa, walikuwa wenye asili ya Ulaya, na wenye asili ya Afrika takriban asilimia 2. Kanuni iliyofungwa vizuri na kuhakikiwa kwa watu wa asili moja bado haijahakikiwa kwa wengine. Na hasara haiwaangukii waliosahaulika peke yao. Jonathan Cohen na Helen Hobbs, wa Dallas, walichunguza jeni ya PCSK9 katika utafiti uliokuwa na washiriki weusi wa kutosha. Makala yao ya 2006 ilionyesha kwamba takriban asilimia 2.6 ya Wamarekani weusi waliochunguzwa walikuwa na mabadiliko yanayoizima jeni hiyo, kolesteroli mbaya yao ilikuwa chini kwa asilimia 28, na ugonjwa wa mishipa ya moyo ulikuwa umepungua kwao kwa asilimia 88. Kufikia 2015 dawa za kuizuia PCSK9 ziliidhinishwa, na leo zinawatibu watu wa kila asili. Ugunduzi huo usingeonekana kirahisi hivyo kama wangetazama kundi lilelile la kila siku.

Ninapodai data ziwe wazi sisemi zimwagwe mtandaoni. Mwaka 2008 ilionyeshwa kwamba mtu anaweza kutambulika kuwa alikuwa ndani ya kundi la utafiti hata kwa kutumia muhtasari wa takwimu za jeni, na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zikaondoa haraka muhtasari wa aina hiyo kwenye kurasa za wazi. DNA haiwezi kubadilishwa kama nywila ikishavuja, tena hubeba siri za ndugu ambao hawakusaini fomu yoyote. Njia ipo: kamati ya kibali inayojibu ndani ya muda uliopangwa, mazingira ya kompyuta ambamo mtafiti anachambua bila kupakua, na adhabu kwa anayejaribu kumtambua mshiriki. Hilo nalo linahitaji watu wanaolipwa mshahara, na huwa ndilo la kwanza kukatwa kwenye bajeti.

Waliotoa damu waliahidiwa kwamba itasaidia wagonjwa wa kesho. Fomu za ridhaa zenye nembo zenu ndizo zilizotoa ahadi hiyo. Naomba basi kila mmoja wenu atangaze, pamoja na mwito wake ujao wa maombi ya ruzuku, ni nani atakayelipwa kuhakiki matokeo, kwa fungu gani, na kwa sampuli za watu gani. Kamati zenu zikitaka msaada wa kuyaandika masharti hayo, wachambuzi tupo, na mimi nitakuja nikiitwa.

Wenu katika kazi,
Mchambuzi wa takwimu za utafiti wa magonjwa